Bustani ya Wakwe Wawili

Mama mkwe wangu alikuja Madale kutolewa mtoto wa jicho, na tulielewana na mke wangu kwamba angekaa kwetu mpaka jicho lipone. Lilipona upesi kuliko tulivyotegemea. Kitu cha kwanza lilichokiona vizuri kilikuwa bustani yangu, na halikuipenda.

Mie ni fundi wa friji. Nina kibanda changu Tegeta, na friji zinazoshindikana kabisa huwa naziletaga nyumbani. Friji iliyotolewa mota, ikalazwa chali, ikatobolewa matundu chini na kujazwa udongo na samadi, ni tuta safi sana. Halikauki upesi, kuku hawalichakuri, na unapalilia bila kuvunja mgongo. Nilikuwa nazo safu nzima kando ya nyumba. Moja ilikuwa na mchicha, nyingine kotimiri, nyingine mnanaa, na ile kubwa ya milango miwili, iliyowahi kuwa ya bucha, niliipa nyanya. Kando ya ukuta wa jirani nilipanda alizeti, na sikuwa na mpango wa kukamua mafuta. Nilizipanda nizitazame tu. Nimekulia Temeke kwenye nyumba ya kupanga, uani palikuwa na zege na kamba za nguo, na nilijiahidi kwamba siku nikipata kiwanja changu nitapanda angalau kitu kimoja kisicholiwa.

Mama mkwe ni mtu wa Newala. Alipoelezwa kuhusu alizeti alimuuliza mke wangu, "Hayaliwi, hayatibu, hayaezekei nyumba. Sasa mvua inayanyeshea ya nini?" Nami nilikuwa nimesimama palepale karibu, jembe mkononi.

Hapo inabidi nieleze jambo. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawazungumzi zaidi ya salamu. Asubuhi nilikuwa nasimama kwenye kona ya nyumba, natazama chini, nasema, "Shikamoo, mama." Yeye anatazama upande wa kilimani, anajibu, "Marahaba, baba." Basi, mazungumzo ya siku nzima yamekwisha. Miaka yote ya ndoa yetu utaratibu huo haukunisumbua hata kidogo, maana yeye alikuwa Newala na mie nilikuwa Dar. Sasa tulikuwa wakulima wawili kwenye kiwanja kimoja kidogo, na kila neno kati yetu lilibidi lipite kwa mke wangu, mtu asiyependa udongo hata ule wa kwenye chungu cha maua.

Mke wangu anafundisha sekondari. Watoto wetu wako bweni, kwa hiyo alipokuwa akirudi jioni alitegemea kukuta nyumba imetulia. Badala yake, hajavua hata viatu, anakutana na ujumbe umepanga foleni.

"Mwambie mumeo," mama anasema kutoka jikoni, "mboga hailazwi kwenye jeneza."

"Mwambie mama," nami nasema kutoka sebuleni, "jeneza halitobolewi chini."

"Jamani, mnasikiana," mke wangu anasema. "Nyie wote wawili mnasikiana."

Kusikiana hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kuambiana.

Masika yalipoanza, mama alichukua jembe langu bila kuomba, kwani angemwomba nani? Akalima nusu nzima ya kiwanja, upande wa jikoni. Akatia kunde, bamia, mbaazi, matembele, na pembeni ya shimo la taka akafukia mbegu za boga alizokuja nazo kutoka kwao, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mie nikabaki na friji zangu na alizeti. Kati yetu palikuwa na njia nyembamba ya kwendea bombani, na njia hiyo tuliiheshimu sote kama mpaka wa nchi.

Mvua ile haikuwa na mchezo. Barabara yetu ya mlimani ikageuka mto, bodaboda wakawa wanatuteremshia mbali tunapanda kwa miguu, viatu mkononi. Lakini mimea ilifurahi. Rozimari yangu peke yake, niliyoinunua kwenye vitalu vya miche Mbezi Beach na kuibembeleza kama mgonjwa, ilijaa maji mizizini ikafa. Asubuhi moja mama alipita pale, akasimama. Akaitoa kanga ya begani, akajitanda kichwani vizuri kama mtu aliyefika msibani, akainamisha kichwa kidogo, kisha akaendelea na safari yake ya bombani. Huo ulikuwa ujumbe wa kwanza kuupata kutoka kwake bila kupitia kwa mtu.

Bamia zake nazo hazikuchelewa kuvamiwa na vidukari, weusi tii, mpaka mashina yakaonekana kama yamepakwa lami. Nikapita mbele yake taratibu, kofia nimeivua nimeiweka kifuani.

Kufikia mwezi wa tano mwishoni, mvua zikawa zimebaki vimanyunyu vya asubuhi, na bustani ikawa haina mfano. Mchicha ulikuwa unafurika kwenye friji. Kotimiri ilinukia hadi barabarani. Kunde zilitambaa, bamia zilipona baada ya kupakwa majivu, mbaazi zilinifika begani, na lile boga lilitoka shimoni likaanza kutembea. Nasema kutembea, maana jioni unaliacha hapa, asubuhi unalikuta kule, limekunjua mkono mpya. Alizeti zangu zilikuwa zimeupita ukuta kwa kimo, vichwa vimevimba, na mbili tatu zilishaanza kufungua macho. Nilikuwa nakunywa chai yangu ya asubuhi nimesimama mbele yake. Mke wangu alisema nilivyokuwa nazitazama zile alizeti, yeye hakuwahi kutazamwa hivyo hata siku ya harusi.

Hapo ndipo mke wangu akaitwa semina ya wiki mbili Dodoma.

Siku ya kwanza tulihangaika na simu. Mama alikuwa jikoni, mie sebuleni, katikati kuna pazia. Simu yangu ikaita. Mke wangu, kutoka Dodoma.

"Mama anasema chai iko tayari."

"Mwambie ahsante, nakuja kuichukua."

Nikasikia simu ya mama inaita nyuma ya pazia, nikamsikia anapokea, "Enhe... Haya... Mwambie kuna na viazi."

Simu yangu ikaita tena. "Kuna na viazi," mke wangu alisema, na sauti yake sikuipenda. "Mume wangu, niko ukumbini. Watu wanawasilisha mada. Mkinipigia tena kuhusu viazi nazima simu."

Na kweli akaizima.

Sasa niwajulishe jirani yetu. Ni mzee mwenye asili ya Kiarabu, familia yao imeuza vitambaa Kariakoo tangu enzi za babu yake, na yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta mpaka miguu ikamkatalia, ndipo akahamia huku kwenye hewa. Watoto wake wametawanyika, wengine Muscat, wengine Zanzibar. Amebaki na asumini wake. Ana kichaka kizima cha asumini, anakimwagilia kwa mpira, anakisemesha, na anakifukuzia paka. Ukuta kati yetu ni wa tofali zisizopigwa plasta, na kwa upande wake aliweka kreti la soda. Akitaka kuzungumza anapanda juu ya kreti, kinachoonekana kwetu ni kofia ya kiua, miwani na ndevu.

Mama ndiye aliyemgundua. Siku ya pili ya ule ukimya nilikuwa nainamia mnanaa, nikamsikia anasema kwa sauti ya juu kuelekea ukutani:

"Bwana jirani, huku kwetu kungekuwa na mtu wa kusikia, ungemwambia mchicha ukipitiliza unakuwa mgumu kama kamba."

Kofia ikajitokeza. Macho ya mzee yakaenda kwa mama, yakaja kwangu, yakarudi kwa mama. Alikuwa mtu wa kaunta, akaelewa mara moja.

"Fundi!" akaniita. "Bibie anasema mchicha uvunwe."

"Mwambie utavunwa leo, mzee wangu."

"Bibie, fundi anasema leo."

Alifurahi mzee yule! Kuanzia siku hiyo alikuwa juu ya kreti tangu asubuhi, kikombe cha kahawa kimekaa juu ya ukuta. Tukirudi ndani tu, anakohoa. Sikuwahi kuona mtu anayetamani hivyo sie tuwe na la kuambiana. Na lazima niseme ukweli, alikuwa na kipaji. Mama akisema kwa kifupi, "Aache kumwaga maji mchana," kwangu yalifika hivi: "Fundi, mama mkwe wako anakusifu kwa bidii, ila anachelea jua la mchana lisikuharibie kazi yako nzuri." Nilianza kumpenda mama mkwe wangu kwa namna ambayo sikuitegemea.

Halafu asubuhi moja mzee alinipungia mkono nisogee karibu zaidi ya kawaida. Alishusha sauti.

"Fundi, kuna jambo. Bibie anaona haya kulisema. Hizi alizeti."

"Zina nini?"

"Jicho lake lile la operesheni. Hii njano yenu inalichoma. Akitoka nje tu linatiririka machozi. Lakini ni mama mwenye heshima zake, hawezi kukuomba ukate kitu unachokipenda."

Nilizitazama alizeti zangu. Zilizofunguka zilikuwa kubwa kama sinia, na zilizobaki zilikuwa zinaelekea kufunguka siku hiyo au kesho yake. Nikazunguka friji mara kadhaa. Nikawaza kumpigia mke wangu, nikakumbuka viazi. Mwisho nikaenda kuchukua panga. Mkwe ni mkwe, na jicho ni jicho. Nilizikata zote, moja baada ya nyingine, bila kuzitazama sana, nikazirundika nyuma ya choo mahali ambapo mama hapiti. Ile jioni sikula vizuri.

Siku zilizofuata nikaona na boga nalo limepatwa na jambo. Mikono yake mirefu, ile iliyokuwa inaelekea kwenye friji zangu, mama aliiinua yote kwa uangalifu, akaigeuza, akaipandisha ukutani, na matunda mawili machanga yaliyokuwa yameshika kwenye ncha yakaning'inia upande wa pili, kwa jirani. Alifanya kazi hiyo akiwa amekunja uso. Nikadhani ni mambo ya kilimo cha kwao, boga linataka kupanda juu. Sikuuliza. Ningemuuliza nani?

Hivyo ndivyo tulivyokaa, kila mtu na huzuni yake, mpaka asubuhi ya mbuzi.

Mbuzi ni wa mama mmoja anayekaa bondeni. Kwa kawaida anawafunga kamba, na kwa kawaida mie nafunga geti. Asubuhi ile yeye hakuwafunga na mie sikufunga. Nilikuwa bafuni, povu kichwani, nikasikia mlio kama wa mtu anayepiga mlango wa friji. Nikasimamisha kopo la maji hewani. Ukapigwa tena. Halafu nikamsikia mama mkwe anapiga yowe.

Nilishika nguo ya kwanza iliyokuwa kwenye kamba, nikajifunga, nikatoka mbio. Nje ndipo nikagundua kuwa ni kanga ya mke wangu, ile nyekundu, yenye maandishi ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa kuwa wazee nao wanasoma.

Walikuwa mbuzi kundi zima. Kumbe friji iliyolazwa chali ina urefu sawasawa na meza ya kulia mbuzi. Walikuwa wamejipanga pale kwa adabu kama wageni wa harusi, kila mmoja na friji yake. Mmoja alikuwa ameingia kabisa ndani ya ile ya bucha, amesimama katikati ya nyanya, anatafuna huku ananitazama. Dume lenye pembe lilikuwa linavuka mpaka kuelekea upande wa kunde.

Mama alitoka jikoni na mwiko. Akaliona dume. Kisha akaniona mie, kifua wazi, povu linanitiririka masikioni, nimevaa kanga ya binti yake. Aligeuka mara moja akanipa mgongo. Na akiwa amenipa mgongo vilevile, akaanza kuwafukuza mbuzi kinyumenyume, anarudi nyuma kwa hatua ndogondogo, mwiko anauzungusha nyuma yake kama mkia. Mbuzi walishangaa. Hata mie, pamoja na uchungu wote, nilishangaa.

"Mama!" nikapiga kelele. "Huyo mwenye pembe! Anaingia kwenye kunde!"

"Nimemwona! Wewe kamata huyo wa kwenye jeneza!"

"Geti, mama! Atatoka wapi, geti liko nyuma yako!"

"Lifungue lote, baba! Nusu hawapiti!"

Nililifungua lote. Nikamshika yule wa kwenye nyanya miguu ya nyuma, akanipiga teke la goti, kanga ikalegea, nikaikamata kwa meno. Nikamvuta na kanga mdomoni, mama akarudi kinyumenyume mpaka akagonga dume, dume likaruka, wenzake wakalifuata, na kundi zima likatoka getini kwa kishindo na mchicha wangu mdomoni.

Nilijificha nyuma ya mpapai, ambao ulikuwa mwembamba kuliko mie. Mama alikaa ukingoni mwa friji, mgongo kwangu, anahema.

Ndipo tukagundua sote kwa pamoja kwamba tumeongea.

Ningeweza kuondoka. Nadhani naye alikuwa anangoja niondoke. Lakini alikuwa ameudhika, na mtu aliyeudhika hajizuii. Akasema, akiutazama mti wa mbaazi:

"Kama zile alizeti zingekuwepo, mbuzi wangeanza na zile. Mboga zingepona. Sijui mtu anakataje maua siku yanapofunguka."

"Mama," nikasema kutoka nyuma ya mpapai, "si wewe uliyesema zikatwe?"

"Nani?"

"Wewe. Kwamba njano yake inakuchoma jicho."

Akainua mwiko juu kama anayetaka kuapa. "Mie? Baba, mie miaka mingapi naona ukungu mtupu? Nilikuwa natoka kila asubuhi naangalia kama yamefunguka! Sikusema, maana nilishasema hayana kazi, nitarudije nyuma? Lakini nilikuwa natoka naangalia. Nilikuta yamekatwa, nikajua umenikasirikia kwa ajili ya boga."

"Boga limefanya nini?"

"Si ulisema likitambaa kwenye friji zako utalikata? Ndiyo maana nikalipeleka ukutani, angalau lisife."

"Mama, mie majani ya maboga nayapenda kuliko nyama! Sijasema hivyo hata siku moja!"

Tuligeuka, yeye kutoka upande wake, mie kutoka nyuma ya mpapai, tukatazama ukutani. Kofia ya kiua ilikuwepo, miwani ilikuwepo, na ndevu. Kikombe cha kahawa kilikuwa kimesimama hewani karibu na mdomo. Kofia ikaanza kushuka, taratibu sana, kama jua linavyozama, mpaka kikabaki kile kikombe peke yake juu ya tofali. Kisha mkono ukaja ukakichukua.

Nilivaa suruali na shati la mikono mirefu, mama akavaa kanga mpya, tukaenda kwa jirani. Hatukuongozana. Yeye alitangulia, mie nikafuata kwa mbali, kama watu wasiojuana wanaokwenda kwenye msiba mmoja.

Mzee alikuwa ametandika mkeka barazani, kahawa iko kwenye buli, halua imekatwa, na vikombe vitatu vimeshapangwa.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Karibuni. Bibie kaa huku. Fundi kaa kule. Mie nitakaa katikati, nimeshazoea."

Asumini wake ulikuwa nyuma yake, umejaa maua meupe tele. Nikauona, nikaelewa. Jua la asubuhi, ambalo lilikuwa linazuiwa na alizeti zangu, sasa lilikuwa linautandika wote. Na juu ya ukuta, kwa upande wake, maboga mawili yalikuwa yameshakuwa makubwa kama vichwa vya watoto, na kila moja alishaliwekea kitambaa cha pamba chini lisichubuke.

"Bwana jirani," mama alisema, "umetudanganya."

"Sikudanganya, bibie. Nilipunguza na kuongeza." Alimimina kahawa. "Nimesimama kati ya mnunuzi na muuzaji maisha yangu yote. Ukimfikishia kila mtu maneno ya mwenzake kama yalivyotoka, duka linafungwa siku hiyohiyo. Nilipunguza mabaya, nikaongeza mazuri. Nikaona na mie nichukue kidogo, cha mkononi tu. Asumini ulikuwa unanifia. Na boga la nazi, wallahi, sijala boga la nazi lililopikwa na mtu anayelijua tangu mke wangu afariki."

Mama alikunywa kahawa yake yote ndipo akajibu. Alisema mzee atatoa mche wa asumini wenye mizizi, tena mkubwa. Boga moja litarudi upande wetu. La pili litabaki kwake, atalipika yeye mama, na nazi ataileta mzee mwenyewe imeshakunwa. Mzee alikubali haraka mno, mpaka nikahisi alikuwa tayari kutoa zaidi. Kisha akanyong'onyea.

"Sasa mkianza kuongea wenyewe," akasema, "mie nitaongea na nani?"

"Utaongea na sie," mama akamwambia. "Lakini yawe ya kwako, yasiwe ya kwetu."

Mke wangu alirudi kutoka Dodoma jioni moja, na alipofika getini alisimama na begi lake. Mama alikuwa anachuma kunde, mie nafukia mche wa asumini pale zilipokuwa alizeti.

"Baba, chimba zaidi, huko juu utakauka."

"Nimefika kwenye mawe, mama."

"Yatoe."

"Sawa, mama."

Begi lilianguka chini. "Nyie mmefanya nini?" mke wangu aliuliza, na aliuliza kwa hofu kabisa, kama aliyekuta nyumba haina bati.

Nilimsimulia yote chumbani, mbuzi na kanga na alizeti na mzee. Nilifikiri angemkasirikia jirani. Badala yake alicheka mpaka akalala chali, halafu ghafla akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Niambie."

"Unadhani mie nilikuwa nawafikishia yote?" akasema. "Ningefikisha yote, tungekuwa tumeachana tangu masika yanaanza."

Nikakaa kitandani. "Ile siku aliyosema kotimiri yangu inanukia kama ya sherehe?"

"Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

"Alisema inanuka kunguni."

"Na alipoomba nimfundishe kutoboa friji?"

"Mume wangu, lala."

Siku hizi nayapata yote yeye mwenyewe anaponiambia, bila kupunguzwa wala kuongezwa. Ananiambia nashika jembe kama mtu anayeogopa kuliamsha. Ananiambia friji si jeneza tena, ni kaburi, maana jeneza huwa linabebwa. Mie nami nilimwambia mara moja kwamba bamia zake amezipanda zimebanana kama watu wa kupanga, akanitazama hivi, karibu anitazame usoni, akang'oa mche mmoja kati ya kila mitatu. Chakula bado hatuli pamoja, hilo limebaki palepale. Yeye anakula jikoni na binti yake, mie nakula sebuleni, na katikati kuna pazia.

Jana alipika majani ya maboga kwa karanga. Nilikuwa nimeanza kula nikamsikia anauliza, sauti imepita moja kwa moja kwenye pazia:

"Chumvi imekaaje, baba?"

Ilikuwa imezidi kidogo. Nilifikiri kwa muda mrefu, tonge mkononi, na nikamsikia mke wangu upande wa pili ameacha kutafuna.

"Imezidi kidogo, mama," nikasema.

"Kunywa maji," akajibu.

Nikanywa.